Kumsemea Baba Mkubwa

Porirua, 14 Machi 1988

Shangazi yangu Fuatino,

Shikamoo. Huku tupo, na upepo wa Porirua bado haujatung'oa. Siaosi wangu ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba, hata mchungaji alipombariki. Mama goti linamsumbua, ila Jumapili kwaya nzima bado inamsikia yeye tu. Kakao uliyotutumia kwa mkono wa mke wa mchungaji ilifika na imekwisha siku nyingi. Baba Mkubwa Lafoa'i naye mzima, bado anakaa nasi, chumba kile cha mbele.

Nimepata kazi, Shangazi. Tangu kiwanda cha magari kifungwe, watu wamejaa majumbani wakitazama televisheni mchana kweupe. Sasa kimefunguliwa kituo nyuma ya maduka cha kuwafundisha watu wazima waliokosa kazi, nami ni mwalimu pale. Nafundisha kuandika maombi, kupiga simu, na kukaa mbele ya tajiri siku ya usaili umweleze kwa nini akuchukue wewe. Mwenzangu Derek, mzungu mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, anafundisha mashine za kunyanyulia mizigo. Mkuu wetu ni Bi Hadley. Aliniambia amenichagua mimi kwa sababu mwalimu wa watu wazima anatakiwa awajue watu wake, na wengi hapa ni Wasamoa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kifua mbele.

Wiki ya pili mlango ukafunguliwa, akaingia Baba Mkubwa. Ofisi ya kazi ndiyo iliyomleta, asipohudhuria wanamkatia posho. Hakuniambia nyumbani wala mimi sikujua. Wasamoa wote wakainuka. Alipokaa wakakaa, na mimi niliyekuwa nimesimama ubaoni nikajikuta nimekaa sakafuni, chaki mkononi, maana ningesimamaje juu ya kichwa cha mkuu wa ukoo wetu? Kuna mama wa Kimaori darasani, Ripeka, mtu wa maneno. Akaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, huyu ni mwanafunzi au mfalme? Niambie mapema nijue kama napiga magoti."

Watu walicheka, yeye mwenyewe akatabasamu kidogo. Lakini mimi sijui nitamuulizaje swali mbele za watu, achilia mbali kumwambia amekosea. Nyumbani nampelekea chakula nikiwa nimeinama, asubuhi nimsahihishe?

Anasema Krismasi atakuja kukuona, ila hapandi ndege mpaka apate kazi. Anasema aliondoka huko kisiwani Savai'i ili atulishe, hawezi kurudi kuja kulishwa. Niombee.

Matalena wako

*

Vailoto, Savai'i, 9 Aprili 1988

Matalena mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa mjini Apia ikipumzika kama mtalii, nimeipata juzi. Huku mvua zimegoma kuondoka na migomba ya nyuma ya nyumba imelala chini. Nguruwe wa jirani aliingia kwenye shamba letu la magimbi tena, safari hii hakurudi kwao, na jirani nilimpelekea paja. Mimi sijambo, kidole tu cha mguu kina kidonda kisichotaka kufunga, nakiwekea majani.

Nimecheka mpaka nikaweka chini mkeka niliokuwa nasuka. Wewe sakafuni na chaki! Hata hivyo ulifanya sawa. Angekaa yeye na wewe umesimama, ningesikia aibu kutoka huku.

Sasa sikiliza, nami nimefundisha watu wazima. Wanawake wa kamati wanaokuja kwangu kusuka mikeka ya sherehe wengine wana wajukuu. Mke wa shemasi alikuwa anasuka kama anafunga kuni. Sikumwambia neno. Nilisogea nikakaa karibu naye, nikafumua wangu uliokuwa mzuri kabisa, nikaanza upya polepole ili aone vidole vyangu. Siku ya tatu akafumua wake mwenyewe, tukajifanya hatujaona. Mwalimu wa watu wazima awe na haya, hilo kwanza. Mengine ya huyo Bi Hadley wako yatafuata.

Nataka kumwona ndugu yangu. Krismasi si mbali. Msaidie apate hiyo kazi ili aje.

Shangazi yako, Fuatino

*

Porirua, 30 Mei 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole ya mvua. Baridi imeingia hapa, kuta zinatoa maji. Siaosi alikuwa na kikohozi kwa wiki mbili lakini sasa anakula. Mama ananiambia nikuulize kama kidole kimepona, nami nauliza pia.

Nilifuata maneno yako. Nilikaa karibu na Baba Mkubwa, nikafanya usaili mimi mwenyewe mbele yake, Ripeka akiwa tajiri, nikijibu vibaya kwa makusudi kisha najisahihisha. Baba Mkubwa alinitazama kwa upole kabisa akasema nitaelewa tu, nisikate tamaa.

Kwenye mashine za Derek ni hivyo hivyo. Zamu yake ikifika, vijana wetu wanamkimbilia, mmoja anapanda kunyanyua mzigo kwa niaba yake na mwingine anamletea kiti. Derek ndiye peke yake asiyejua lolote. Anamwita Laf, hebu fikiria. Siku moja akawafukuza wale vijana, akampandisha mwenyewe, na mzigo ulipoanguka akapaza sauti: "Laf, hapana, umeharibu, rudia." Baba Mkubwa akarudia, mara ya pili akaweza. Nilimchukia Derek siku ile, kisha nikamwonea wivu. Mimi niliyeajiriwa kwa kuwajua watu wangu ndiye nimefungwa ulimi, na asiyewajua anafundisha.

Sasa lile lililonileta kwenye karatasi. Ghala moja la vyakula vya barafu lilimwita kwenye usaili. Sisi walimu tunaruhusiwa kumsindikiza mtu, nikaenda naye. Alivaa suti ya kanisani. Meneja, kijana mwenye tai fupi, akamuuliza, "Niambie, wewe ni hodari wa nini?"

Baba Mkubwa akainamisha macho. Unamjua. Mtu wa cheo chake hajitaji, yupo msemaji wa kumsemea. Akangoja kwa utulivu kabisa, na meneja akangoja. Shangazi, sikuvumilia. Nikafungua kinywa. Nilimsemea kama wasemaji wetu wanavyosema huko nyumbani: miaka yote ya kiwandani, jinsi asivyochelewa, wageni aliowafundisha kazi, heshima yake mtaani. Maneno yalinitoka yenyewe. Nilipomaliza, meneja alimshukuru Baba Mkubwa, akamwomba asubiri nje. Kisha akaniambia ana nafasi ofisini, anatafuta mtu anayejieleza kama mimi.

Nilikataa. Nje, Baba Mkubwa alikuwa amesimama kwenye upepo na kofia mkononi. Akaniambia, "Umenisemea vizuri sana, mwanangu. Baba yako angefurahi." Alidhani kazi ameipata. Wiki nzima alikuwa anakaa karibu na simu, na mimi nikipita pale na sahani za chakula, sikuweza kumwambia. Mwishowe barua yao ya kumkatalia ilifika akaisoma mwenyewe.

Bi Hadley hakunigombeza. Alisema tu kwamba mwalimu mzuri anajua wakati wa kunyamaza. Sijui nifanye nini. Nimeshindwa.

Matalena

*

Vailoto, 2 Julai 1988

Matalena,

Marahaba. Salamu za wote hapa unazijua, wazima, wanakula, wanadaiwa kazi za kanisa na hawazifanyi. Tuyaache hayo.

Ulikosea, na hata mimi ningefanya vile vile, kwa hiyo sikugombezi. Lakini sasa naona mambo yenu ya huko. Kumbe wazungu wanataka mtu ajivue nguo mwenyewe mbele yao na kusema tazameni. Basi na ajivue. Haya niliyokufundisha mimi hayafai huko, niliyatoa kwenye mikeka.

Leo nimemwandikia ndugu yangu. Unajua mimi ni dada yake na maisha yake yote hajawahi kunikatalia neno. Tangu tulipokuwa watoto, nikiingia yeye anatoka, nikisema yeye anatazama chini, ndiyo heshima ya kaka kwa dada. Nimemwamuru akae darasani kama mtoto. Aondoe wale vijana. Ainue macho. Ajisemee. Na nimemwandikia, "Matalena akikusahihisha, ni mimi Fuatino ninayekusahihisha." Kwa hiyo sasa wewe huna kisingizio. Simama ubaoni.

Kuna jambo jingine, ni lako wewe peke yako. Kidole kimekuwa mguu. Daktari wa Apia anasema ni sukari, anautazama mguu wangu kama mchinjaji. Usimwambie Lafoa'i. Akijua, atakuja mikono mitupu na uso chini, na wakuu wenzake watamwona hivyo. Nataka aje na kazi, aje akiwa yeye. Nikisikia umefungua mdomo nitakulaani, na unajua laana ya shangazi haitoki kwa sabuni.

Fuatino

*

Porirua, 21 Agosti 1988

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma habari ya mguu nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa. Mama aliniuliza kuna nini nikasema nyanya zimepanda bei. Sijamwambia yeyote. Tafadhali fuata dawa za daktari, majani weka pembeni kwanza.

Barua yako kwa Baba Mkubwa ilifika siku moja na yangu. Aliisoma chumbani mlango umefungwa. Kesho yake darasani, wale vijana walipoinuka, aliwaambia wakae. Akachukua kiti cha kawaida katikati yao. Kisha akasema, mbele ya wote, "Mwalimu, naomba unifundishe."

Aliniita mwalimu. Nikasimama ubaoni. Nikamwambia inua macho, akainua. Nikamwambia usiseme sisi, sema mimi. Akasema, "Mimi ni mchapakazi." Akaanza tena. "Mimi ni mchapakazi. Nafika mapema. Mimi ni mtu wa kutegemewa." Nikamwambia zaidi, kwa sauti, unitazame mimi. Akarudia akinitazama. Hakuna aliyecheka. Ripeka, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alichukua sigara zake akatoka nje.

Derek alimpigapiga mgongoni. Bi Hadley alikuwa mlangoni, akaniambia baadaye kwamba sasa nimekuwa mwalimu kweli: mpole, mkweli, imara, vyote anavyovitafuta kwa wafanyakazi wake. Nilienda jikoni pale kituoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Anajifunza haraka. Asubuhi namsikia bafuni akijisemea mbele ya kioo, kwa Kiingereza, polepole. Mama anaongeza sauti ya redio asisikie. Kiwanda cha mikate kimemwita mwezi ujao. Tuna matumaini, Shangazi, kweli tunayo.

Matalena

*

Vailoto, 18 Septemba 1988

Mwanangu,

Marahaba. Naandika nikiwa nimelala, utaona mwandiko unavyopanda kilima. Wanawake wa kamati wananipikia supu kwa zamu, ya mke wa shemasi ndiyo mbaya kuliko zote na naimaliza.

Wanataka kuukata mguu, chini ya goti. Nimewaambia wangoje. Nataka Lafoa'i anikute nimesimama, basi. Daktari anasema kungoja si vizuri, nami nimemwambia mimi si gari lake aning'oe gurudumu.

Mikate imekuwaje? Usimwambie kitu. Mwambie tu kwamba dada yake anasema Krismasi imekaribia.

Fuatino

*

Porirua, 6 Novemba 1988

Shangazi Fuatino,

Shikamoo. Siaosi anatembea, anaanguka, anatembea. Mama anasali kwa ajili yako kila jioni, ndiyo, nimemwambia, na utaona mbele kwamba siye peke yake.

Kiwanda cha mikate kilimsaili Baba Mkubwa. Nilikaa nyuma nimebana midomo. Alimtazama meneja, akajieleza mwanzo hadi mwisho, akashikana naye mkono kwa nguvu kama tulivyomfundisha. Meneja aliniambia mlangoni, "Huyu amejibu vizuri kuliko wote niliowaona mwaka huu." Nikaenda nyumbani nikapika sapasui, zile tambi za sherehe. Wiki iliyofuata wakatangaza kwamba hawachukui mtu, wanapunguza waliopo. Tukajaribu bohari ya mbao, hospitali, halmashauri. Kila mahali anajibu vizuri. Kila mahali wanamsifu, kisha wanasema hakuna nafasi, au wanatazama mvi zake.

Derek mwenyewe amemaliza mkataba na hawajamwongezea. Siku ya mwisho alikaa juu ya mashine yake akaniambia, "Tumewafundisha watu kuendesha hizi kwenye mji ambao hauna mizigo." Nilikwenda kwa Bi Hadley nikamuuliza, tunawaandaa watu hawa kwa ajili ya nini? Si mtu mbaya, Shangazi. Alisema kazi yetu ni kuwaandaa, ajira haiko mikononi mwetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Na mimi ndivyo ninavyowaambia watu kila siku.

Baba Mkubwa hajaacha. Mafunzo yamekwisha lakini bado anajisemea bafuni. Wakati mwingine mezani ananitazama machoni namna ile, mimi naanza kutafuta chumvi.

Basi nimefungua mdomo. Nilaani. Alikuwa anamenya magimbi, nikapiga magoti nikamwambia habari ya mguu wako. Aliweka kisu chini. Akauliza ni mguu upi. Nikasema wa kushoto. Akarudi kumenya, akamaliza yote, kisha akaenda kutoa sanduku chini ya kitanda. Ndugu wa kanisa wamechanga nauli. Atafika kabla ya Krismasi, bila kazi. Usimpokee vibaya, kosa ni langu.

Mwezi wa pili linaanza darasa jipya. Katika watakaokuja kuna mzee mmoja, mkuu wa ukoo kutoka kisiwa cha Upolu, naye alikuwa kiwandani. Jina lake nimeshaliona. Niambie nimfundishe vipi. Wewe daima unajua.

Matalena

*

Vailoto, 8 Januari 1989

Matalena mwanangu,

Marahaba. Mguu wameukata. Walikata wiki moja kabla Lafoa'i hajafika, sikuweza tena kuwazuia. Naumwa kisigino ambacho hakipo, daktari anasema ni kawaida. Wajukuu wananiletea kila kitu, nimegeuka malkia, sipendi.

Sikulaani. Ungemwambia mapema ungelaaniwa, sasa sina nguvu hizo. Soma basi jinsi alivyofika.

Wakuu walimwandalia mapokezi kama inavyopasa. Walikaa kwenye nguzo zao za cheo, kinywaji cha ava kikakorogwa, nami nikalazwa nyumba ya pili mapazia yakiwa yamefunguliwa nione. Hakuna aliyemuuliza habari ya kazi, hakuna aliyemtazama vibaya. Woga wangu wote ule ulikuwa wa bure. Wangempokea hata angekuja kwa kuogelea. Msemaji wetu, mzee Tautiaga, akajiandaa kumsemea, akasafisha koo.

Lafoa'i akainuka kabla yake. Akawatazama mmoja mmoja usoni. Akasema, "Mimi ni mchapakazi. Nafika mapema. Mimi ni mtu wa kutegemewa, na ninaelewana na wenzangu." Kwa Kisamoa, lakini vile vile ulivyoniandikia. Kisha akangoja, nadhani alingoja waulize.

Tautiaga alikaa akiangalia mikono yake. Kijana wa kugawa ava alisimama na kikombe asijue ampelekee nani. Hakuna aliyemkosea heshima, na hakuna aliyejua la kufanya. Mwishowe Tautiaga akasema hotuba yake kama vile hajasikia kitu, wakanywa. Tangu siku hiyo wakikaa wanamwalika, wanampa nafasi yake, na wanazungumza naye polepole kama mtu mgonjwa.

Jioni alikuja kwangu. Mwaka wowote mwingine angekaa mlangoni, uso upande wa barabara, aniulize habari kutoka huko. Aliingia, akakaa karibu na kitanda, akaninyanyulia macho. Tangu tukiwa watoto wadogo sana sikuwahi kuyaona macho ya ndugu yangu. Ni ya baba yetu, Matalena, yana ule ukahawia. Nilitaka kuyatazama zaidi. Akaniambia, "Dada, nimefanya yote uliyoniandikia." Mimi ndiye niliyeangalia chini.

Amekaa hapa nje sasa, anachonga kitu kwa ajili ya mguu wangu, gongo au nini. Ni mwema, hana hasira na mtu. Nikimwita anakuja na kunitazama, nami namtuma maji ili ageuke.

Umeniuliza umfundishe vipi yule mzee wa Upolu. Nimeshika kalamu tangu asubuhi. Ukimwacha kama alivyo, hatapata kazi. Ukimfundisha, huenda asipate vile vile, na halafu atarudi kwao. Nilikuambia uwe na haya, kisha nikakuambia usimame ubaoni, na yote mawili niliyasema kwa uhakika. Safari hii sina la kukuambia, mwanangu. Mpokee vizuri akiingia. Mpe kiti.

Shangazi yako,
Fuatino